Miguu inapowaka usiku na kutulia asubuhi: mwongozo wa kuishi na maumivu ya neva ya kisukari aina ya pili

Mwenye kisukari aina ya pili anaweza kulala vizuri wiki nzima, kisha usiku mmoja nyayo zikawaka hata shuka ikigusa kidole anaruka. Kesho yake hakuna kitu, ni ganzi tu. Nyumbani huanza kudhaniwa anadeka. Yeye mwenyewe hudhani dawa imeacha kufanya kazi, au siku ikiwa nzuri, kwamba amepona. Yote matatu si kweli. Maumivu ya mishipa ya fahamu (neva) iliyoumizwa na sukari hupanda na kushuka, ndiyo tabia yake, na mara nyingi kupanda huko kuna chanzo ambacho ukikitafuta utakiona.

Kabla ya hatua yoyote shika jambo moja: ukali wa maumivu haupimi ukubwa wa madhara. Neva inayouma bado iko hai. Ikifa, maumivu hupungua na mguu hubaki bubu, na huo ndio mguu unaokanyaga msumari bila mwenyewe kujua. Kwa hiyo una kazi mbili, na ni vizuri zisichanganywe. Kutuliza maumivu ni kazi ya siku mbaya. Kulinda miguu ni kazi ya kila siku, na zaidi siku ambayo huumwi kabisa.

Hatua ya kwanza: hakikisha ni neva, na kwamba ni kisukari

Neva ndefu huumia kwanza. Ndiyo maana tatizo huanzia ncha za vidole vya miguu, miguu yote miwili kwa pamoja, kisha hupanda polepole kwa umbo la soksi. Likikaribia magoti ndipo vidole vya mikono navyo huanza. Dalili zenyewe ni kuwaka moto, kuchomwa sindano, shoti inayopita mara moja, kuhisi unakanyaga changarawe au sufi mahali ambapo hakuna kitu, na ngozi kuuma kwa kuguswa tu. Huzidi ukipumzika, na wengi hupata nafuu wakitembea.

Mishipa ya damu iliyoziba hufanya kinyume. Shavu la mguu hubana ukitembea na huachia ukisimama, mguu huwa wa baridi, vinyweleo hupotea, na usiku nafuu huja ukiuning'iniza mguu kando ya kitanda. Wapo wenye yote mawili. Mwombe daktari apapase mapigo ya damu juu ya wayo na nyuma ya kifundo. Asikuandikie dawa ya neva kwa kusikiliza maelezo peke yake.

Nyumbani kuna kipimo rahisi kilichobuniwa Ipswich, Uingereza, kisichohitaji kifaa. Lala, fumba macho. Mtu mwingine akuguse kwa ncha ya kidole chake, taratibu, kwa sekunde 1 hadi 2, kwenye ncha ya kidole gumba cha mguu wa kulia, kisha kidole cha mwisho cha mguu huohuo. Kidole gumba cha kushoto, kisha cha mwisho cha kushoto. Amalizie na vidole vya kati, kulia na kushoto. Kila ukihisi unasema "kulia" au "kushoto". Asibonyeze, asitekenye, asirudie kidole ambacho hukukihisi. Kati ya sehemu hizo 6, ukikosa 2 au zaidi, hisia zimepungua na mguu uko hatarini. Rudia kila baada ya miezi mitatu na uandike matokeo. Kliniki watapima kwa uzi wa nailoni wa gramu 10 na uma wa mtetemo wa 128 Hz; kama hujapimwa hivyo mwaka huu, omba.

Kisha waondolewe wahalifu wengine, kwa sababu baadhi yao wanatibika. Wa kwanza ni upungufu wa vitamini B12. Metformini, dawa ya kushusha sukari, ikitumika kwa miaka kadhaa, hasa kwa gramu 1.5 hadi 2 kwa siku, hupunguza ufyonzaji wa B12, na dalili zake miguuni hufanana kabisa na za kisukari. Omba kipimo cha damu. Usiache metformini kwa hofu hiyo. B12 huongezwa na metformini ikaendelea. Wengine ni pombe, ugonjwa wa figo, tezi ya shingo, VVU, ukoma, na isoniazidi ya kutibu TB. Mwenye kisukari anayetumia isoniazidi anatakiwa apewe vitamini B6 kidogo ya kila siku pamoja nayo, na hili husahaulika.

Hatua ya pili: daftari la wiki mbili

Bila daftari utabaki kukumbuka usiku mbaya tu. Tumia daftari la shule, ukurasa mmoja kwa siku. Andika sukari ya asubuhi kabla ya kula, sukari saa mbili baada ya chakula cha jioni, ulichokula jioni na saa uliyokula, viatu ulivyovaa na muda uliosimama, dawa na saa ulizomeza, saa ulizolala. Halafu maumivu: namba kutoka 0 hadi 10, aina yake, na saa yalipoanza. Kwa mfano:

Jumanne. Asubuhi 9.1. Viatu vya ngozi vyeusi, nimesimama dukani mpaka jioni. Nimekula saa tatu usiku: ugali, maharage, soda. Kabla ya kulala 14.2. Saa sita usiku maumivu 7, kuwaka, nyayo zote mbili. Nimepata usingizi wa saa tatu tu.

Namba za mashine ya kupimia sukari zina makosa yanayojirudia. Kidole kilichoshika embe au sukari hutoa namba ya uongo iliyo juu, hivyo nawa kwa sabuni na ukauke vizuri. Ukitumia spiriti, iache ikauke kabisa. Stripu, yaani vibanzi vya kupimia, zikiachwa kopo wazi kwenye unyevunyevu wa pwani, au kwenye dashibodi ya gari, huharibika kabla ya tarehe iliyoandikwa. Toboa pembeni mwa kidole, si katikati. Hapo huuma kidogo na utaendelea kupima. Kama mashine yako inasoma mg/dL, gawanya kwa 18 kupata mmol/L, ambayo ndiyo inayotumika humu.

Stripu ni ghali, tunajua. Kama huwezi kupima kila siku, pima siku tatu za wiki, mara mbili kwa siku, na siku moja kati ya hizo iwe ile ambayo maumivu ni makali.

Hatua ya tatu: soma daftari

Kwa wengi malengo ni 4.4 hadi 7.2 mmol/L kabla ya kula, chini ya 10 saa mbili baada ya kula, na HbA1c, kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi mitatu, chini ya 7%. Mzee, mwenye ugonjwa wa moyo au anayeshuka sukari mara kwa mara huwekewa malengo ya juu kidogo. Mwenye selimundu au upungufu wa damu amwambie daktari, maana HbA1c yake inaweza kudanganya.

Ila kwa maumivu tafuta mabadiliko, usiishie kwenye wastani. Watu wawili wanaweza kuwa na HbA1c ya 7.5% wote, mmoja hukaa kati ya 7 na 10 mchana kutwa, mwingine huruka kutoka 4 hadi 16 na kurudi. Huyu wa pili ndiye mara nyingi hulalamika kwamba miguu "haieleweki".

Maumivu ya usiku yanayofuata sukari ya juu baada ya chakula cha jioni ndiyo mtindo unaoonekana zaidi, na ndio rahisi kujaribu kuurekebisha. Kwa usiku tano mfululizo kula mapema, saa moja au saa mbili kasoro. Nusu ya sahani iwe mboga za majani, robo iwe samaki, maharage, dagaa au kuku, robo iwe ugali au wali, yaani kiasi cha ngumi yako. Soda, juisi na chai ya sukari ziondoke kabisa. Baada ya kula tembea dakika 10 hadi 15, hata kama ni kuzunguka ua. Linganisha namba za maumivu na za wiki iliyopita. Zikishuka umepata chanzo chako. Zisiposhuka, sukari imefaidika na wewe unatafuta kwingine.

Maumivu ya jioni yanayokuja siku za kusimama au za kiatu fulani ni suala la shinikizo: badili viatu, kaa dakika 5 kila saa, na mwonyeshe mhudumu sugu zozote zilizo chini ya wayo. Maumivu ya alfajiri huweza kuwa dawa ya usiku imekwisha nguvu. Lakini yakija na jasho, njozi mbaya na kichwa kuuma, pima sukari saa tisa usiku kwa siku mbili, maana huenda inashuka usingizini. Ikiwa chini ya 3.9, kunywa vijiko vinne vya chai vya sukari vilivyokorogwa kwenye maji, au soda ya kawaida nusu glasi (ml 150), pima tena baada ya dakika 15, na urudie kama bado iko chini. Daktari aangalie upya dawa zako za sukari.

Maumivu yakipanda kwa siku kadhaa bila sababu, jiulize kuhusu homa, jino, au mkojo unaochoma. Maambukizi hupandisha sukari kabla hata hujajijua kuwa unaumwa. Pombe nayo husumbua mara mbili: huyumbisha sukari usiku uleule, na ikizoeleka huua neva kwa upande wake.

Kuna mtindo mmoja unaowachanganya hata wahudumu. Mtu alikuwa na HbA1c ya 12% au 13%, akaanzishiwa insulini au akabadili mlo kwa nguvu zote, sukari ikashuka haraka, na ndani ya wiki nane miguu ikaanza kuwaka kuliko wakati wowote. Wengi huamua kwamba insulini ndiyo inayowaua na huiacha. Kinachotokea ni kwamba neva zilizozoea sukari ya juu husumbuka zikishushiwa ghafla. Hatari huongezeka HbA1c inaposhuka zaidi ya asilimia 2 ndani ya miezi mitatu, mfano kutoka 12% hadi 9%. Hali hii hutulia yenyewe, ingawa huchukua miezi mingi. Usiache matibabu. Rudi kliniki, eleza lini yalianza, upewe dawa ya maumivu na kasi ya kushusha sukari ipangwe upya. Kama ndiyo kwanza unaanza na HbA1c yako iko juu sana, liulize hili siku ya kwanza. Macho yachunguzwe pia, kwa sababu retina, sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga, nayo huweza kuzidiwa na mshuko huohuo.

Na kuna siku ambazo daftari halitasema lolote. Sukari nzuri, viatu vizuri, usingizi wa kutosha, na bado miguu inawaka. Hizo zipo. Usiongeze dawa kwa sababu ya usiku mmoja.

Hatua ya nne: dawa, na zinavyokosewa

Parasetamoli haigusi sana maumivu ya neva. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo ndizo dawa za kwanza kununuliwa dukani, hazisaidii kitu na huumiza figo ambazo kisukari tayari kimezilenga. Mwenye kisukari anayemeza diklofenaki kila siku kwa ajili ya miguu anabadilisha tatizo moja kwa mawili.

Dawa zinazofanya kazi ni zile zinazopunguza ishara za maumivu kwenye neva na ubongo. Dozi zilizo hapa ni za kukusaidia kuelewa cheti chako na kuuliza maswali. Kuanza au kubadili ni uamuzi wa pamoja na daktari.

Amitriptilini ni ya bei nafuu na inapatikana karibu kila mahali. Huanza kwa miligramu 10 au 25 usiku, na huongezwa kidogo kidogo kila wiki moja au mbili. Wengi hutosheka kati ya 25 na 75. Imeze saa mbili kabla ya kulala. Ukiimeza saa sita usiku utaamka na kichwa kizito na kuilaumu dawa. Hukausha kinywa, hufunga choo na huleta kizunguzungu ukisimama ghafla. Mwenye presha ya macho, matatizo ya mapigo ya moyo, au mwanamume mwenye tezi dume anayekojoa kwa shida amwambie daktari kabla. Ukijua kwamba imeainishwa pia kama dawa ya sonona usishtuke. Kwa maumivu dozi yake ni ndogo, na haimaanishi mtu ameona wewe ni mgonjwa wa akili.

Gabapentini huanza kwa miligramu 300 usiku na kupandishwa hadi mara tatu kwa siku. Dozi inayofanya kazi kwa kawaida ni 900 hadi 1,800 na zaidi kwa siku. Kosa la kila mara ni kubaki na 300 usiku kwa miezi miwili na kusema haifai. Dawa za kiungulia zenye magnesiamu na alumini huizuia kufyonzwa, ziache mbali kwa saa mbili. Pregabalini huanza kwa 75 mara mbili kwa siku, au pungufu kwa mzee, na huweza kufika 150 mara mbili. Zote mbili hupita kwenye figo, hivyo dozi hupunguzwa figo zikiwa dhaifu: kipimo cha figo kitangulie. Huleta usingizi, uzito na miguu kuvimba, na zina hatari ya uraibu. Usizichanganye na pombe wala dawa za usingizi.

Duloksetini ni miligramu 30 baada ya chakula kwa wiki moja, kisha 60. Kichefuchefu cha siku za mwanzo hupita. Haifai kwa mwenye ini bovu, mnywaji mkubwa wa pombe, au mwenye figo zilizoshuka sana.

Ipi bora? Utafiti wa OPTION-DM uliofanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 2022 ulilinganisha amitriptilini, duloksetini na pregabalini kwa wagonjwa haohao na ukakuta zinakaribiana kwa nguvu; wale ambao dawa moja haikuwatosha walipata nafuu zaidi ilipoongezwa ya pili. Maana yake kwa mgonjwa wa kawaida ni kwamba hana haja ya kuuza kuku kufuata dawa ya bei kubwa kabla ya kujaribu ya bei nafuu ipasavyo. Ipasavyo ni wiki 4 hadi 6 kwa dozi iliyopandishwa, ukiimeza kila siku, uumwe usiumwe. Si dawa za kumeza ukizidiwa. Lengo halisi ni kupunguza maumivu kwa theluthi au nusu na kurudisha usingizi. Sifuri ni nadra. Ukitaka kuacha, punguza hatua kwa hatua kwa wiki kadhaa, la sivyo maumivu hurudi kwa kishindo na usingizi hupotea.

Tramadoli, dawa kali ya maumivu, iwe ya mwisho na ya muda mfupi. Huleta uraibu, huweza kushusha sukari, na ikichanganywa na amitriptilini au duloksetini inaweza kuleta degedege.

Krimu ya 0.075% ya kapsaisini, kiini kikali cha pilipili, hupakwa mara 3 hadi 4 kwa siku, na wiki za kwanza huchoma kabla ya kutuliza. Nawa mikono baadaye, usiguse macho, usipake penye kidonda au mpasuko. Kusaga pilipili nyumbani na kujipaka si kitu kilekile: huwezi kujua kipimo, na ngozi yenye ganzi huungua bila kukuambia.

Sindano na vidonge vya vitamini B mchanganyiko huuzwa sana kwa jina la dawa ya ganzi. Vinasaidia kama kweli umepungukiwa. Lakini B6 ikizidi kwa miezi mingi huharibu neva yenyewe, na vidonge vingine vina B6 nyingi mara kadhaa kuliko mwili unavyohitaji. Pima B12 kwanza. Fedha ya sindano zisizohitajika itanunua stripu.

Usiku wa moto: ufanye nini saa nane usiku

Washa taa, angalia nyayo na katikati ya vidole. Wakati mwingine kinachowaka ni kidonda, jiwe lililochubua mchana, au fangasi. Pima sukari kama unaweza. Lowesha kitambaa kwa maji ya kawaida ya bomba, kamua, kiweke juu ya miguu dakika 10, kisha kausha. Barafu hapana, maji ya moto yenye chumvi hapana, hata kama ndiyo ushauri wa kila jirani. Mguu uliopoteza hisia hauwezi kukuambia umeungua, na vidonda vingi vibaya vimeanzia kwenye beseni hilo.

Chukua boksi la katoni, ondoa upande mmoja, liweke mwisho wa kitanda na uingize miguu ndani yake ili shuka na blanketi vipite juu. Soksi laini za pamba, zisizobana, huwasaidia wenye ngozi inayouma kwa kuguswa. Tembea ndani dakika chache ukiwa umevaa viatu, kunja na kunjua vidole mara 20. Usimeze dozi ya ziada. Andika saa na namba, urudi kulala.

Ikiwa usiku wa namna hii umezidi mitatu kwa wiki licha ya dawa, dozi haitoshi au dawa si yako. Usingoje tarehe ya kliniki.

Miguu: kazi ya kila siku

Jioni kaa penye mwanga, angalia juu, chini, kisigino na katikati ya kila kidole. Kama huwezi kuinama, weka kioo sakafuni, au mtoto wa nyumbani aangalie. Macho yenye kisukari nayo huweza kupitwa. Osha kwa maji ya uvuguvugu yaliyopimwa kwa kiwiko, usiloweke, kausha hasa katikati ya vidole. Paka mafuta ya mgando juu na chini ya wayo, ila usipake katikati ya vidole kwa sababu unyevu huleta fangasi. Kucha zikatwe moja kwa moja, pembe zilainishwe kwa tupa. Sugu zisikatwe kwa wembe.

Usitembee pekupeku hata ndani. Kandambili zina matatizo mawili: mkanda wake hukata katikati ya vidole, na mguu wenye ganzi huzivua bila mwenyewe kujua na akaendelea kutembea. Makatambuga ni imara ila kingo zake ni ngumu. Tafuta kiatu cha mbele kipana, soli nene, chenye mkanda wa kufunga, na nafasi ya upana wa kidole gumba mbele. Nunua jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo. Chora miguu yote miwili kwenye karatasi ukiwa umesimama, kata, uingize karatasi ndani ya kiatu. Ikikunjamana kiatu ni chembamba, bila kujali namba yake. Kiatu kipya kivaliwe saa moja siku ya kwanza. Kila kabla ya kuvaa, kung'uta na upitishe mkono ndani. Msikitini chukua soksi nene safi.

Hatari za nyumbani ambazo vipeperushi vya kigeni havizitaji: bomba la moshi la bodaboda linalogusa mguu wa abiria, jiko la mkaa la kuotea baridi, na panya. Husemwa panya hung'ata huku akipuliza. Kwa mguu wenye ganzi hahitaji hata kupuliza, na vidonda vya panya kwa wagonjwa wa kisukari vimeripotiwa na madaktari wa Dar es Salaam. Nawa miguu kabla ya kulala, chomeka neti chini ya godoro pande zote, usiache chakula chumbani.

Usichanjwe chale wala kuumikwa kwenye miguu yenye ganzi, na usipake mafuta ya taa. Mitishamba ya kunywa mtajie daktari, maana mingine hushusha sukari juu ya dawa uliyokwisha kumeza.

Kutembea bado kunafaa, dakika 30 siku tano za wiki, kama hakuna kidonda. Hisia zikiwa zimepotea kabisa, baiskeli au mazoezi ya kwenye kiti ni salama zaidi. Ongeza la mizani: shika kiti, simama mguu mmoja sekunde 10, mara tano kila upande.

Kufunga Ramadhani

Muone daktari wiki 6 hadi 8 kabla, kwa kuwa si kila mwenye kisukari anaruhusiwa kufunga. Dawa ya maumivu ya mara mbili kwa siku huhamia futari na daku. Gabapentini ya mara tatu huhitaji mpango mpya. Sukari ikishuka chini ya 3.9 au kupanda zaidi ya 16.7, fungua. Kinachowasha miguu mwezi huo mara nyingi ni meza ya futari: uji mtamu, tende tano, kaimati na juisi kwa mkupuo mmoja. Tende moja na maji, kisha chakula chenye mboga, halafu pima baada ya saa mbili.

Neva zisizouma

Kisukari hugusa pia neva za ndani: kizunguzungu ukisimama, kuhara usiku, tumbo kujaa baada ya kula kidogo, nguvu za kiume kupungua, jasho usoni wakati wa kula. Yataje kliniki hata kama unaona aibu. Moyo nao huweza kupata shambulio bila maumivu ya kifua. Pumzi kukata, jasho jingi na uchovu wa ghafla ni sababu ya kwenda hospitali.

Usingoje kesho

Kidonda chochote chini ya wayo, hata kisichouma, kionwe siku hiyohiyo. Hali kadhalika kidole cheusi, harufu, usaha, au wekundu unaopanda pamoja na homa. Mguu mmoja ukivimba, ukawa mwekundu na wa moto kuliko mwenzake bila kidonda, acha kuukanyagia mara moja: mifupa inaweza kuwa inavunjika ndani kimyakimya, na kila hatua unayopiga huibomoa zaidi. Sema kliniki kwamba unashuku mguu wa Charcot, kwa sababu mara nyingi hudhaniwa ni maambukizi au gauti.

Udhaifu unaopanda kwa siku chache, mguu mmoja kushindwa kuinuka, paja moja kuuma sana huku likikonda, au kushindwa kuzuia mkojo na choo si mwendo wa kawaida wa ganzi ya kisukari. Nenda na daftari, dawa zote ndani ya mfuko wake, na viatu unavyovaa kila siku. Daktari akipapasa ndani ya kiatu huweza kupata jibu ambalo mguu haukuweza kumpa.